Uzi: Shindano la kusoma darasani liendeshwe vipi ili mtoto anayesoma kwa shida naye apende vitabu?

Mleta uzi, mwalimu wa Darasa la Tano (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, hasa walimu na wazazi wa Moshi na Arusha, naomba tulijadili kwa kina jambo ambalo shule nyingi huligusa kwa wiki moja ya maonesho na nyimbo kisha huliacha hadi mwaka unaofuata, nalo ni namna ya kuwafanya watoto wa shule ya msingi wasome vitabu vya ziada kwa kuendesha shindano la kusoma ndani ya darasa. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayeupinga aupinge: shindano la namna hii lipimwe kwa mtoto anayesoma kwa shida kuliko wote darasani, na kama yeye halimsaidii, basi halifai, hata kama watoto watatu wa mbele wamemaliza vitabu mia.

Tangu mwaka 2015, mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulipoelekezwa zaidi kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, tumeweka nguvu kubwa katika kumfanya mtoto aweze kusoma maandishi kwa sauti, na hilo ni jema. Hata hivyo, maneno ya Kiswahili huandikwa kama yanavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazimudu silabi anaweza kusoma aya nzima kwa kujiamini, na mgeni aliyekaa nyuma ya darasa akampigia makofi, ilhali ukimuuliza ni nani aliyeiba mbuzi katika hadithi hiyo anakutazama tu. Mazoea ya kuelewa hayapatikani kwa kurudia vifungu vifupi vya ufahamu vyenye maswali matano chini yake. Yanapatikana kwa kusoma kurasa nyingi, mfululizo, mtoto akiwa na hamu ya kujua kitakachotokea, na watoto wengi ninaowapokea Darasa la Tano hawajawahi kumaliza kitabu hata kimoja kwa hiari yao.

Msingi wa mpango wangu ni dakika 15 za kusoma kimya kila siku, ndani ya saa za shule, mara baada ya mapumziko, kwa makubaliano na mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma ili asiwepo mwalimu wa somo anayeona kipindi chake cha dakika 40 kimemegwa bila taarifa. Wengi huzidharau dakika hizo, kwa hiyo naomba tupige hesabu. Mtoto anayesoma maneno 50 kwa dakika, kasi ambayo hapa nchini imetumika kuwa kigezo cha Kiswahili kwa Darasa la Pili, husoma maneno 750 katika dakika 15, na hicho ni karibu kijitabu kizima cha hadithi chenye picha. Kwa siku tano ni maneno 3,750, na kwa wiki 18 za muhula ni maneno 67,500. Hapo tunamzungumzia msomaji wa polepole, anayesoma shuleni peke yake, bila kubeba kitabu kwenda nyumbani. Baada ya dakika hizo, au mwisho wa siku inapowezekana, mimi mwenyewe huwasomea kwa sauti kurasa chache za kitabu kilicho juu kidogo ya uwezo wao, na huachia mahali patamu ili kesho waulize.

Lengo la kila mtoto ni vijitabu 10 kwa muhula: vinne vya hadithi, viwili vya ngano, kimoja cha mashairi, kimoja cha maisha ya mtu fulani na viwili vya sayansi au historia. Huko Marekani, mwalimu Donalyn Miller wa Texas alifahamika kwa kuwawekea wanafunzi wake lengo la vitabu 40 vya aina mbalimbali kwa mwaka, na hakumwadhibu mtoto aliyeshindwa kulifikia. Idadi hiyo inafaa mahali ambapo vitabu vimejaa rafuni, lakini kanuni mbili zilizo ndani yake, yaani aina mbalimbali na kutoadhibu, nazichukua kama zilivyo. Mtoto wa kiume aliyekataa hadithi zote nilizompa alinishangaza kwa kumaliza kijitabu cha nyuki katika siku mbili, na tangu hapo amekuwa mtafutaji wa vitabu vya wadudu.

Ukutani nimebandika chati moja ya manila inayoonesha jumla ya vitabu vya darasa zima, na kila anayemaliza kitabu huongeza alama yake pale. Majina kwa mpangilio wa nafasi siyabandiki. Mtafiti Keith Stanovich, katika makala yake ya mwaka 1986, alieleza jinsi pengo kati ya wasomaji linavyopanuka, akirejea maneno ya Injili ya Mathayo kuhusu mwenye nacho kuongezewa na asiye nacho kunyang'anywa hata kile kidogo: anayesoma vizuri husoma zaidi, hupata maneno mengi zaidi, na kusoma kunazidi kumrahisikia, huku anayesoma kwa shida akikwepa kusoma na kubaki nyuma zaidi. Orodha ya nafasi ukutani huharakisha mwendo huo, kwa sababu humwambia mtoto wa mwisho, kila siku anapoingia darasani, kwamba kusoma ni kazi ya wengine.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kabati. Katika shule nyingi nilizozitembelea, vitabu vya ziada vipo, vimefungwa kwenye kabati ndani ya ofisi, na vimebaki vipya kwa sababu mwalimu mkuu anaogopa kuulizwa atakapokuja mkaguzi wa mali. Baadhi ni vitabu vizuri vya hadithi vilivyofika kupitia Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991 na uliokuwa ukinunua nakala kutoka kwa wachapishaji wa nchini na kuzisambaza shuleni. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa na watoto 60 kimefanya kazi yake, na kamati ya shule ikae, ikubaliane hivyo kwa maandishi, iweke kwenye kumbukumbu za kikao, ili mwalimu asidaiwe fedha kwa kuwapa watoto vitabu. Mtoto naye asitozwe faini. Ukimtoza mzazi mmoja fedha ya kitabu kilicholowa mvua, watoto wote wa mtaa ule watakatazwa kuazima.

Kuhusu zawadi nitasema kwa kifupi, kwa kuwa najua italeta mjadala: sitoi fedha wala begi. Anayefikia lengo huchagua kitabu nitakachowasomea wenzake kwa sauti wiki inayofuata, na jina lake husomwa mstarini pamoja na jina la kitabu alichokipenda.

Karibuni.

Mzazi (Njiro, Arusha)

Mwalimu, nakushukuru kwa uzi huu, lakini nina pingamizi mbili. Kwanza, shule anayosoma binti yangu, ya mchepuo wa Kiingereza, hutoa zawadi nzuri kwa wasomaji watatu bora wa kila muhula, na nimeona kwa macho yangu watoto wakigombea vitabu, kwa hiyo sioni kwa nini tuwanyime watoto wa shule za serikali msukumo huo huo. Pili, mtoto wa Darasa la Tano leo, baada ya muda mfupi, atakuwa Kidato cha Kwanza akifundishwa masomo mengi kwa Kiingereza. Je, dakika hizo 15 zisingetumika vyema zaidi kwa vitabu vya Kiingereza?

Mleta uzi

Mzazi mwenzangu, hoja zako ni nzito na nazijibu kwa heshima.

Mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake wawili, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilolifanya katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Waliwachukua watoto waliokuwa wakipenda kuchora kwa hiari yao, wakawagawa katika makundi: kundi moja liliahidiwa cheti likichora, kundi jingine lilipewa cheti baada ya kuchora bila kuahidiwa, na la tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, kalamu ziliporudishwa darasani bila ahadi yoyote, watoto walioahidiwa cheti walitumia karibu nusu tu ya muda ambao wenzao waliutumia kuchora. Wale waliopewa cheti bila kutarajia hawakupungukiwa hamu. Mimi ninayachukua matokeo hayo kwa uzito, kwa kuwa ninachokitafuta ni mtoto atakayeshika kitabu mwezi wa Kumi na Mbili wakati mwalimu hayupo na zawadi haipo. Wanaogombea vitabu katika shule ya binti yako yaelekea ni wale wenye matumaini ya kuingia tatu bora, na ningependa kujua wale wa nafasi ya 30 na kuendelea wanafanya nini siku hiyo.

Kuhusu lugha, sina ugomvi na Kiingereza, na mtoto anayeweza kukisoma kitabu cha Kiingereza na kukielewa nampa. Lakini Jim Cummins wa Kanada ameeleza tangu mwaka 1979 kwamba uwezo wa kusoma unaojengwa katika lugha anayoielewa mtoto humsaidia pia katika lugha ya pili: kubashiri kitakachofuata, kuunganisha chanzo na matokeo, kutambua kwamba sentensi haikueleweka na kurudi kuisoma upya. Mtoto asiyejua kufanya hivyo kwa Kiswahili hatajifunza kwa kubabaika na kitabu cha Kiingereza ambacho nusu ya maneno yake hayajui.

Mwalimu wa Darasa la Tatu (Monduli)

Mwalimu mwenzangu, nimesoma kwa furaha, ila ninaomba ufikirie pia mazingira yetu. Darasa langu lina watoto zaidi ya 90, wengi wao nyumbani huzungumza Kimaasai tu, na Kiswahili kwao ni lugha ya shuleni. Kusoma kimya kwa dakika 15 kwao ni kukaa kimya kwa dakika 15. Vitabu vya ziada ni vichache mno kiasi kwamba hata vitano haviwezi kutengewa kila safu ya madawati, na ruzuku ya uendeshaji haituruhusu kununua vingine, kwa sababu katika zile shilingi 10,000 zilizowekwa kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, sehemu hubakizwa kwa ajili ya vitabu vya kiada, na inayofika shuleni inaishia kwenye chaki, karatasi za mitihani na ukarabati.

Nilichokifanya mimi ni kuwasomesha wawili wawili, anayejua zaidi akiwa na anayejua kidogo, kitabu kimoja kati yao, kwa sauti ya chini. Darasa huwa na kelele ya mzinga wa nyuki, na mwalimu wa jirani hulalamika, lakini watoto wanasoma. Pia tumeanza kutengeneza vitabu wenyewe. Watoto hutumwa kumwuliza koko (yaani bibi) au mzee wa boma hadithi moja, huisimulia darasani kwa Kimaasai, kisha kwa pamoja tunaitafsiri kwa Kiswahili, ninaiandika ubaoni, wao wananakili kwenye karatasi, wanachora picha, tunashona kwa uzi. Vijitabu hivyo ndivyo vinavyogombewa kuliko vyote, kwa sababu kila mtoto anamfahamu bibi aliyeisimulia hadithi hiyo.

Mleta uzi

Mwalimu, hilo la vitabu vya kutengenezwa na watoto ninalichukua kesho, na nadhani linapaswa kuhesabiwa kwenye lengo bila kupunguzwa thamani: kijitabu cha kushonwa kwa uzi kihesabiwe sawa na cha mchapishaji. Kusoma wawili wawili pia kunafaa hata Darasa la Tano kwa miezi ya mwanzo, na ninakubali kwamba ukimya si sharti la lazima. Sharti ni macho kuwa kwenye maandishi.

Kwa uhaba wa vitabu, kama kuna mwenye kompyuta na printa katika shule au ofisi ya kata, mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini, ulioanza kutoa hadithi mtandaoni mwaka 2014, una hadithi fupi za watoto kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi za Afrika, zenye leseni huria, kwa hiyo kuzichapa na kuzigawa si kosa. Zimepangwa kwa ngazi, kuanzia zenye maneno machache kwa ukurasa.

Mkutubi mstaafu (Arusha)

Nawasalimu walimu wangu. Naomba niongeze mambo ambayo nimeyaona kwa miaka mingi ya kuwahudumia watoto kwenye maktaba.

Walimu wengi wa Arusha na Moshi hawajawahi kuingia katika maktaba ya mkoa iliyo mjini kwao, ingawa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania imeziweka kwa ajili ya umma mzima, watoto wakiwamo. Mwalimu aende na barua ya mwalimu mkuu, aombe kuwapeleka watoto kwa zamu, makundi madogo, siku ambayo si ya mitihani. Mtoto aliyeingia mara moja na kuoneshwa namna ya kutafuta kitabu rafuni huwa na ujasiri wa kurudi mwenyewe akiwa mkubwa, na mwanafunzi wa sekondari asiyewahi kuingia utotoni mara nyingi huishia kulitumia jengo hilo kuwa mahali pa kusomea daftari zake tu.

Kumtafutia mtoto kitabu kinachomfaa ni kazi ya ustadi. Ninachowashauri walimu ni kumwacha mtoto afungue ukurasa wa katikati na kuusoma, akikunja kidole kimoja kwa kila neno asilolielewa. Akimaliza vidole vya mkono mmoja kabla ya kumaliza ukurasa, kitabu hicho kisubiri, apewe chepesi zaidi, bila kusemwa. Tena aruhusiwe kukiacha kitabu kisichomvutia baada ya kurasa kadhaa. Watu wazima tunafanya hivyo kila siku, lakini mtoto tunamlazimisha akimalize kana kwamba ni dawa.

Naomba pia tusisahau historia yetu. Katika kampeni ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970, nchi hii iliwafundisha mamilioni ya watu kusoma, na waliokuwa wakiiongoza walitambua mapema kwamba aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma atasahau, ndiyo maana zikaanzishwa maktaba vijijini na magazeti ya vijijini yaliyoandikwa kwa ajili ya wasomaji wapya. Maktaba nyingi za aina hiyo zilikuja kufifia, na mimi niliyeona baadhi ya makabati yake yakiliwa na mchwa naamini kwamba darasa lenye vitabu 40 vinavyozunguka ni bora kuliko chumba chenye vitabu 400 ambacho ufunguo wake haujulikani ulipo.

Mzazi (Kiboriloni, Moshi)

Mimi nauza nguo za mtumba, narudi nyumbani jioni nimechoka, na kusoma kwangu kuliishia Darasa la Saba. Mwanangu anakuja na kadi inayotaka sahihi ya mzazi kuthibitisha kwamba amesoma. Nasaini kwa sababu naona aibu kumwambia mwalimu kwamba sijui kama amesoma kweli. Naomba ushauri, mzazi wa aina yangu afanye nini?

Mleta uzi

Mama, nakushukuru sana kwa kuuliza, kwa sababu swali lako linagusa kaya nyingi za mji huu, na jibu lake linamhusu mwalimu kabla ya kukuhusu wewe. Sahihi ya mzazi haithibitishi chochote, na mimi siiombi. Kuthibitisha ni kazi yetu shuleni: mtoto anapoleta kadi, namwomba anitafutie ukurasa uliompendeza, anisomee mistari michache, kisha aniambie ni kwa nini mhusika alifanya vile. Dakika mbili zinatosha, na huzungusha watoto sita au saba kwa siku ili kila mmoja afikiwe ndani ya wiki mbili. Maswali ya kuandika siyatoi, kwa kuwa nimeona mtoto akiacha kitabu alichokipenda kwa kuogopa muhtasari atakaotakiwa kuuandika.

Wewe mama unachoweza kufanya ni kumwita akae karibu nawe unapokunja nguo au kupika, akusomee kwa sauti, nawe umsikilize kama unavyomsikiliza mtu anayekuletea habari za nyumbani. Muulize, "Halafu ikawaje?" na "Wewe ungefanya nini?" Maswali hayo hayahitaji cheti chochote, na mtoto anayejua kuwa mama yake anasubiri kusikia mwisho wa hadithi atakimaliza kitabu. Akikosea neno, usimkatize mara moja. Mwache amalize sentensi, mara nyingi atajirekebisha mwenyewe anapoona maana haiji.

Mzazi (Njiro, Arusha)

Mwalimu, nimekuelewa kuhusu zawadi ingawa bado naona cheti kidogo mwisho wa mwaka hakitamdhuru mtoto. Swali langu la mwisho ni likizo. Mwezi wa Sita na mwezi wa Kumi na Mbili vitabu hurudishwa kabatini, watoto wanakaa wiki kadhaa bila kusoma, na Januari tunaanza upya.

Mleta uzi

Cheti kinachotolewa mwisho, kwa wote waliofikia lengo na bila kutangazwa mapema, sina pingamizi nacho, na kinakubaliana na lile kundi la pili la watoto wa Stanford.

Kuhusu likizo, Uingereza imekuwa ikiendesha tangu mwaka 1999 shindano la kusoma wakati wa likizo ndefu ya kiangazi kupitia maktaba za umma, ambalo kwa kawaida mtoto huombwa asome vitabu sita, idadi ndogo kwa makusudi ili kila mtoto aweze kuimaliza. Mimi nafuata njia hiyo kwa vitabu viwili mwezi wa Sita na vitatu mwezi wa Kumi na Mbili. Siku ya kufunga shule kila mtoto huondoka na kitabu kimoja kilichowekwa kava la mfuko wa saruji uliosafishwa, na watoto wanaokaa mtaa mmoja, kwa mfano wa Pasua au wa Majengo, huandikwa kundi moja ili wabadilishane wenyewe bila kuja shuleni. Kiongozi wa kundi hushika orodha. Vitabu viwili au vitatu hupotea kila likizo, na nimeviingiza kwenye makisio niliyoyapeleka kwa kamati ya shule.

Kwa walioniomba faraghani mfano wa kadi ya msomaji: ni kipande cha manila kilichokunjwa mara mbili, chenye safu nne, yaani tarehe ya kuanza na kumaliza, jina la kitabu, aina yake, na sentensi moja ya mtoto kuhusu kitabu hicho. Nyuma yake weka nafasi ya kuandika majina ya vitabu ambavyo mtoto angependa kusoma baadaye, kwa sababu orodha hiyo ndiyo nitakayoibeba nitakapokwenda maktaba ya mkoa, na ndiyo itakayowaonesha wanakamati cha kununua fedha ikipatikana.